Jibu Bila ya Isnadi: Hisabu, Tiba na Mashine Kutoka Baghdad Hadi Ukingo wa Ziwa Viktoria

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Mwaka uliopita alinijia kijana mmoja wa darsa yetu hapa Usagara, penye njia panda ambapo barabara itokayo Shinyanga hugawanyika, moja ikaingia mjini Mwanza na nyingine ikaelekea Kigongo. Mama yake mdogo alikuwa amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Marehemu aliacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja, na mmoja wa dada hao ndiye mama mzazi wa kijana. Hakuacha mtoto wala mzazi. Baada ya mazishi na kulipa madeni, mali iliyobaki ilikuwa shilingi 21,000,000.

Kijana hakuja kuuliza. Alikuja na jibu. Alikuwa amelipata katika simu yake, kwa moja ya zile programu za akili mnemba zinazojibu kila swali. Jibu lilikuwa katika Kiswahili safi, likitaja Suratun Nisaa, likasema kuwa mume anapata nusu, yaani shilingi 10,500,000, na dada wawili wanapata theluthi mbili, yaani shilingi 14,000,000. Tayari alikuwa amekwisha kuwaambia wakubwa wa familia, na mume wa marehemu alikuwa ameanza kutazamwa kama mtu anayezuia haki za watu.

Nikamwambia, "Jumlisha." Akajumlisha, akapata shilingi 24,500,000. Akanyamaza.

Wanafunzi wa mirathi wanaijua mas'ala hii. Ndiyo iliyotokea zama za Sayyidna Umar (r.a.), mume na dada wawili, mafungu yakazidi mali, naye akawashauri Masahaba. Hukumu waliyoifuata maimamu wanne wa madhehebu ni aul. Asili ya mas'ala ni 6, mume ana 3 na dada wana 4, jumla 7. Mali inagawanywa mafungu 7 na upungufu unamgusa kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake. Kwa shilingi 21,000,000, kila fungu ni 3,000,000. Mume anapata 9,000,000, na kila dada anapata 6,000,000.

Nilimuuliza kijana swali moja tu: "Mashine imepokea haya kwa nani?" Hakuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwani elimu iliyoizaa mashine ile ina historia ndefu. Historia hiyo imepita mikononi mwa wanazuoni wetu, na imepita pia katika ukingo huu wa ziwa tunapoishi.

Hisabu iliyotumikia mirathi

Katika zama za Khalifa al-Maamun, aliyetawala kati ya mwaka 813 na 833 Miladia, aliishi Baghdad mwanahisabu Muhammad bin Musa al-Khawarizmi. Yeye ndiye aliyeandika kitabu cha al-jabr, na kutokana na jina la kitabu hicho dunia nzima ikapata neno aljebra. Wengi hawajui kuwa sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mas'ala ya wasia na mirathi. Hisabu yake ilikuwa chombo cha kadhi na cha wenye kurithi kabla haijawa chombo cha wahandisi. Vitabu vyake vilipohamishiwa katika Kilatini, jina lake likageuzwa kwa matamshi ya watu wa Ulaya, na hapo ndipo lilipotoka neno algorithimu, yaani hatua zilizopangwa za kufikia jibu. Kila mashine ya hisabu leo, pamoja na ile simu ya kijana wangu, inaendeshwa kwa algorithimu.

Katika tiba alikuwapo Abu Bakr ar-Razi, aliyefariki mnamo mwaka 925. Alitaka kujua kama kumtoa damu mgonjwa mwenye dalili za ugonjwa wa ubongo uitwao sirsam kunafaa. Akawatoa damu baadhi ya wagonjwa na akawaacha wengine kwa makusudi, kisha akatazama yaliyowapata hawa na yaliyowapata wale. Hakutosheka na kauli ya waliomtangulia. Na katika karne ya 13 alikuwapo Cairo Ibn an-Nafis, aliyefariki mwaka 687 Hijria (1288 Miladia), ambaye alieleza jinsi damu inavyotoka upande wa kulia wa moyo, ikapita katika mapafu na kurudi upande wa kushoto, akimpinga Galen na Ibn Sina kwa pamoja. Huyu alikuwa tabibu, na alikuwa pia faqihi wa madhehebu ya Shafi, madhehebu yetu sisi wengi wa Afrika Mashariki, akifundisha fiqhi katika madrasa ya Masruriyya.

Sitaji majina haya kwa kujisifu, kwani kujisifu kwa wafu hakumponyi mgonjwa hata mmoja. Nayataja kwa sababu wote watatu walifanya jambo ambalo wanachuoni wa hadithi walikuwa wakilifanya katika uwanja wao: habari haipokewi kwa utamu wake wala kwa ukubwa wa aliyeisema, bali hupimwa. Suratul Hujurat imetuamrisha kuthibitisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Maneno hayo ya kutowadhuru watu ndiyo mzani wa haya yanayofuata.

Wagonjwa wa visiwa vya Ssese

Mwanzoni mwa karne ya 20 maradhi ya malale yaliingia kandokando ya Ziwa Viktoria. Kwa upande wa Uganda peke yake inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka michache, na visiwa vizima vikabaki na nyumba tupu. Mwaka 1903 tabibu Mwingereza David Bruce alithibitisha kuwa maradhi hayo huenezwa na mbung'o.

Mwaka 1906 alikuja ziwani Mjerumani Robert Koch, ambaye mwaka mmoja tu kabla yake alikuwa amepata Tuzo ya Nobel ya tiba. Alipiga kambi Bugala, katika visiwa vya Ssese vilivyo kaskazini-magharibi ya ziwa. Wagonjwa walimiminika kwake, wengine wakibebwa. Koch aliwapa dawa iliyoitwa Atoxyl, yenye sumu ya arseniki ndani yake. Mwanzoni wengi walionekana kupata nafuu. Nafuu ilipokuwa haidumu aliongeza kipimo cha dawa, na hapo wagonjwa 22 wakapofuka, upofu usiokuwa na marejeo. Baada ya safari yake, Wajerumani walijenga kambi za kuwatenga wagonjwa katika upande wao wa ziwa, mojawapo ikiwa Kigarama katika nchi ya Kiziba.

Mtafiti huyu hakuwa mjinga wala tapeli. Alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa zama zake. Kosa ni kuwa wagonjwa wale hawakuwa na sauti katika jambo lililofanywa na miili yao, na hapakuwa na wengine wa kulinganishwa nao ili ijulikane mapema kama dawa inafaa au inadhuru. Sifa ya mtu ilichukua nafasi ya uthibitisho. Faqihi anaiona hapa kaida kubwa ya sheria yetu, ya kuondoa madhara, ikiwa imekanyagwa na mtu aliyedhani anatibu.

Jamii 12 za Mwanza

Miaka 85 baadaye, ukingo wa kusini wa ziwa hili uliona utafiti wa namna nyingine. Wakati huo Ukimwi ulikuwa unaenea na hapakuwa na dawa za kuurefusha umri wa mgonjwa hapa kwetu. Sisi tuliokuwa walimu vijana wa madrasa katika miaka hiyo tunakumbuka jinsi tulivyokuwa tukiosha maiti za wenzetu wa rika moja.

Kuanzia mwaka 1991, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la AMREF, Wizara ya Afya na chuo cha tiba za nchi za joto cha London walifanya utafiti katika Mkoa wa Mwanza. Swali lilikuwa hili: tukiyatibu vizuri magonjwa ya zinaa kama kisonono na kaswende katika zahanati za vijijini, je, maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yatapungua? Zilichaguliwa jamii 12, zikapangwa jozi 6, kila jozi ikiwa na jamii mbili zinazofanana. Kisha katika kila jozi ikapigwa kura. Kura hii wanafiqhi wanaifahamu, nayo imethibiti katika Sunna pale haki za watu zinapolingana na hapana wa kutangulizwa. Jamii iliyopata kura ilianza kupewa huduma: wahudumu wa afya wakafundishwa, dawa zikapelekwa bila ya kukatika, wananchi wakaelimishwa. Jamii ya pili ilipangiwa kuipata huduma hiyo baada ya utafiti kwisha.

Waliandikishwa watu wazima 12,537, wenye umri wa miaka 15 hadi 54. Baada ya miaka miwili wakapimwa tena. Katika jamii zilizopata huduma, watu 48 kati ya 4,149 ambao hapo mwanzo hawakuwa na virusi walikuwa wameambukizwa, yaani asilimia 1.2. Katika jamii nyingine walikuwa 82 kati ya 4,400, yaani asilimia 1.9. Baada ya kuzipima tofauti nyingine zilizokuwapo, watafiti walitangaza mwaka 1995 kuwa maambukizi yamepungua kwa asilimia 42. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza duniani kuonyeshwa kwa tajriba ya namna hiyo kwamba matibabu haya yanaweza kupunguza Ukimwi, na ilitoka vijijini kwetu.

Miongoni mwetu walikuwapo waliosema juu ya mimbari kuwa kumtibu mwenye kisonono ni kumsaidia mzinifu. Namba hizi zinatujibu. Ndani yake yumo mke aliyekaa nyumbani na kuhifadhi heshima yake, akaletewa maradhi na mumewe. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria, na tabibu haulizi dhambi ya mgonjwa kabla ya kumtibu.

Habari mbili zinazopingana

Kisha ikaja habari nyingine. Wilayani Rakai, upande wa Uganda wa ziwa hilihili, watafiti waliwapa dawa za magonjwa ya zinaa watu wote wa vijiji, wenye dalili na wasio na dalili, kila baada ya miezi 10. Matokeo yao yalitangazwa mwaka 1999: maambukizi ya virusi hayakupungua hata kidogo. Mwaka 2003 utafiti mwingine wa Masaka, huko huko Uganda, nao haukuona kupungua.

Ni ipi ya kweli? Mtu mwenye haraka angesema mmoja ameongopa. Lakini mwanafunzi wa hadithi anajua kuwa mwanachuoni haanzi kwa kuitupa moja ya habari mbili. Imam Shafi ana kitabu kizima juu ya hitilafu za hadithi, na njia ya wanachuoni wetu ni kuanza kwa jam'u, kuzikusanya habari mbili na kutazama kila moja ilisemwa katika hali gani na kwa watu gani.

Bila ya kujua jina la njia hiyo, wanahisabati wa London na Rotterdam waliifuata. Waliandika milinganyo ndani ya kompyuta, wakajenga kwa hisabu vijiji mfano wa Mwanza na vijiji mfano wa Rakai, wakavipitisha miaka mingi kwa dakika chache. Wakaona kuwa hali za mahali hapa pawili zilikuwa mbalimbali. Mwanza, wakati wa utafiti, virusi vilikuwa kwa asilimia 4 hivi ya watu wazima na maradhi bado yalikuwa yanapanda, na magonjwa ya zinaa yanayotibika yalikuwa mengi. Rakai virusi vilikuwa kwa asilimia 16 hivi, maradhi yalikwisha kuenea kwa watu wa kila namna, na magonjwa yale yanayotibika yalikuwa machache zaidi. Basi kwa sehemu kubwa hitilafu ilitokana na hali za watu, na habari mbili zikakusanyika.

Uaminifu wa elimu ulionekana hata pale matokeo yalipokuwa machungu. Mwaka 2008 watafiti wa Mwanza walitangaza kuwa dawa ya kuzuia malengelenge ya sehemu za siri, waliyoijaribu kwa wanawake wanaofanya kazi katika baa na nyumba za wageni, haikupunguza maambukizi ya virusi. Waliiandika kama ilivyo. Mpokezi anayeficha aibu ya habari yake tunamwita mudallis, na wao hawakuficha.

Jambo jingine linatuhusu sisi wenye mimbari. Mwaka 2007 tafiti za Rakai na Kisumu zilionyesha kuwa tohara ya wanaume inapunguza maambukizi ya virusi kwa mwanamume kwa zaidi ya nusu hivi. Kwetu khitani ni amri ya dini, na kwa madhehebu ya Shafi ni wajibu; hatuifanyi kwa ajili ya namba, kwani hekima ya hukumu si illa yake. Lakini mwaka 2017 ulitangazwa utafiti wa vijiji 16 vya kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Pale viongozi wa makanisa walipofundishwa juu ya tohara, asilimia 52.8 ya wanaume waliofikiwa na huduma hiyo walitahiriwa, na pale wasipofundishwa ilikuwa asilimia 29.5. Neno la kiongozi wa dini lilipimwa kwa hisabu likaonekana lina uzito. Basi na tuulizane: sisi uzito wetu tunautumia wapi?

Kutoka sumaku hadi mashine inayojifunza

Sasa turudi kwenye simu ya kijana. Mashine ile haikutoka kwa mafundi wa kompyuta peke yao. Mwaka 1943 tabibu wa neva Warren McCulloch na mwanahisabati Walter Pitts waliandika jinsi seli za ubongo zinavyoweza kuelezwa kwa hisabu. Mwaka 1982 John Hopfield, mwanafizikia wa nadharia, alichukua elimu ya sumaku. Kipande cha sumaku ni sumaku ndogo ndogo nyingi, kila moja ikiivuta jirani yake, mpaka zote zikatulia katika mpangilio mmoja. Hopfield alionyesha kuwa mtandao wa namba uliojengwa kwa kanuni hiyo unaweza kuhifadhi picha na kuikumbuka hata ukipewa kipande chake tu. Kisha Geoffrey Hinton na wenzake, kwa kutumia kanuni za Ludwig Boltzmann, mwanafizikia wa karne ya 19, wakaufanya mtandao ujifunze wenyewe kutokana na mifano. Mwaka 2024 Hopfield na Hinton walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo.

Namna inavyojifunza si ngeni kwa mwalimu wa chuo. Mtoto anasoma, anakosea, mwalimu anamrudisha, naye anajirekebisha kidogo. Anasoma tena, mpaka ulimi unanyooka. Mtandao wa neva ni namba nyingi mno, na kila ukikosea namba hizo husogezwa kidogo kuelekea jibu sahihi, mara elfu kwa elfu. Lakini tofauti ni kubwa. Mtoto wa chuo anamjua mwalimu wake, na mwalimu wake anamjua wa kwake. Mtandao ukisha kujifunza, elimu yake imetawanyika katika mamilioni ya namba, na hakuna namba hata moja unayoweza kuishika ukasema, hii imepokea kwa fulani. Ni matini bila ya isnadi.

Je, tuikatae kabisa? Hapana, kwani hiyo ingekuwa dhulma kwa elimu na kwa wagonjwa. Hapo ng'ambo ya ziwa, Chuo Kikuu cha Makerere, watafiti walionyesha mwaka 2016 mtandao wa neva unaosoma picha za hadubini zilizopigwa kwa simu, ukatambua vijidudu vya malaria katika damu, vya kifua kikuu katika makohozi, na mayai ya minyoo katika choo. Walichofanya ni kuziweka picha mbele ya wataalamu kwanza, kisha wakahesabu wapi mashine imepatia na wapi imekosea. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaruhusu programu za namna hii zisome picha za eksirei za kifua za watu wa miaka 15 na zaidi katika kutafuta kifua kikuu, baada ya kupimwa vilevile. Kwa zahanati yenye wagonjwa wengi na msomaji mmoja wa hadubini, hii ni rehema.

Kwa hiyo mpaka haukuwekwa kati ya mwanadamu na mashine. Umewekwa kati ya kilichopimwa na kisichopimwa. Koch alikuwa mwanadamu mwenye sifa kubwa, na dawa yake haikupimwa inavyopaswa, watu wakapofuka. Mashine ya eksirei haina sifa wala jina, lakini imepimwa.

Dhamana ni ya nani?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayejitia katika utabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi yeye ndiye mdhamini wa madhara yatakayotokea. Mashine si mukallafu. Haiulizwi kaburini wala haidhamini kitu. Anayelichukua jibu lake na kulipeleka kwa watu, dhamana ni yake yeye, awe tabibu, kadhi au kijana mwenye simu.

Nawausia ndugu zangu maimamu na wanafunzi mambo mawili. La kwanza, msimfukuze kijana anayekuja na jibu la mashine, mwambieni ajumlishe. La pili, anapowajia mtafiti wa maradhi msikitini au kijijini kwenu, muulizeni yale ambayo watu wa Ssese hawakupata nafasi ya kuyauliza: unalinganisha na nini, tukikataa itakuwaje, na matokeo mabaya nayo utayasema?

Ama familia ile, walikaa kikao baada ya sala ya Alasiri, tukazihesabu sehemu 7 mbele ya wote. Mume alipokea shilingi 9,000,000, na kila dada shilingi 6,000,000. Kijana mwenyewe ndiye aliyeandika hesabu hiyo kwa mkono wake, na chini yake akaandika jina la aliyemfundisha.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa na atuepushe na kuwadhuru waja wake kwa kutojua. Wallahu aalam.